Mshiriki Namba Ishirini na Saba

Lifti zote mbili za jengo lile la ghorofa kumi na mbili ziligoma asubuhi ambayo yeye hakuwa na hata dakika moja ya kupoteza. Ukumbi wa chini ulifurika watu: makarani na bahasha zao, wagonjwa wa macho waliokuwa na miadi ghorofa ya nne, na mama mmoja aliyeshika keki ya harusi kwa mikono miwili asijue aitue wapi. Kila aliyefika alikibonyeza kitufe cha kuita lifti, kana kwamba wote waliomtangulia hawakujua kubonyeza.

Yeye alisimama mbele kabisa, amekumbatia faili la bluu. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa vyema kiunoni kisha likamwagika hadi miguuni, na viatu vya kisigino kirefu alivyokwisha kuvijutia tangu kituo cha basi. Umri wake miaka thelathini na mitatu, kazi yake mtunza data wa taasisi ya utafiti wa afya, ghorofa ya tisa. Kurasa zilizokuwa ndani ya faili zilitakiwa zisainiwe na Profesa kabla ya saa nne ziende kwa wafadhili.

"Jamani, hii lifti itapona lini?" aliuliza, bila kumuuliza mtu.

"Mkiacha kuibonyeza-bonyeza," sauti ilijibu kutoka miguuni mwake.

Akaruka. Mlango wa lifti ulikuwa wazi shubiri mbili, na chini, ndani ya shimo, kilichomoza kichwa cha mwanamume chenye tochi kwenye paji la uso. Shavu moja lilikuwa na grisi.

"Dakika ngapi?"

"Tano."

"Tano za saa au tano za mafundi?"

Watu wakacheka. Yule mwanamume naye akacheka, akajivuta juu kwa mikono, akatoka shimoni na kujifuta viganja kwenye ovaroli lake la kijivu. Alikuwa mrefu kuliko shimo lilivyoonyesha.

"Za mafundi," alisema. "Ningetaka kukudanganya ningesema za saa. Unaenda ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Mimi naenda juu kabisa, kwenye mashine. Nipe faili, wewe beba viatu vyako. Tukipumzika ya tano hatutakufa."

Ndivyo walivyopanda pamoja, yeye pekupeku, fundi akitangulia. Walipofika ghorofa ya tano walikuwa wanahema na kuchekana.

"Humu ndani kuna nini kizito hivi?"

"Mpango."

"Wa harusi?"

"Wa data," alisema, akicheka. "Tukiomba ruzuku ya utafiti, wafadhili hawatosheki kusikia tutawauliza watu maswali. Wanataka kujua majibu tutayaweka wapi, nani atayafungua, watafiti wengine tutawagawia vipi, na yule aliyetupa siri yake tutamficha namna gani."

"Na mnamficha namna gani?"

"Tunaondoa jina, namba ya simu na mtaa anaokaa. Hapo hata mama yake mzazi hamjui."

"Mimi ukiniondolea jina itabaki grisi tu," alisema fundi.

Mlangoni mwa ofisi alimrudishia faili, akachomoa kadi kutoka mfuko wa kifuani. "Ukikwama kwenye lifti yoyote mji huu, piga."

"Na nisipokwama?"

"Piga uniambie hujakwama, Bi Mpango. Nitafurahi vilevile."

Alipiga siku ya tatu. "Sijakwama," alisema tu, na upande wa pili mtu akacheka hadi akaangusha spana. Kishindo chake alikisikia kikishuka ghorofa baada ya ghorofa.

Tangu hapo simu hazikukauka. Fundi alimpigia akiwa juu ya paa za majengo, upepo ukivuma kwenye maneno yake. Alimpigia akiwa amelala chali chini ya lifti ya hospitali. "Bi Mpango, niambie jambo zuri, nina tani mbili juu ya pua yangu." Naye angemwambia lolote, kwamba amevaa hereni mpya, kwamba Profesa amepiga chafya akaapa ni mzio wa wafadhili. Jumamosi walikutana kwenye bustani moja inayouza juisi, nyuma ya maktaba. Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate, akinukia sabuni, ila kucha zake zilibaki na mstari mweusi ambao hakuna sabuni iliyoushinda. Yeye aliupenda mstari ule. Alikuwa akivishika vidole vile kimoja kimoja na kuvihesabu kama mtu anayehakiki mali yake.

"Kuna upungufu?" fundi angeuliza.

"Vipo kumi. Lakini nitahesabu tena wiki ijayo, siwaamini mafundi."

Fundi alimweleza maisha yake kwa vipande, kama watu wa mikono wanavyoeleza. Alikuwa mtoto wa kiume pekee baada ya dada sita. Mama yake alifariki mwaka ule ule aliomaliza chuo cha ufundi. Amehama kutoka mji mwingine miaka miwili iliyopita. Kwa nini alihama hakusema, naye hakuchokonoa. Mtu aliyekomaa huacha mlango mmoja umefungwa, alijiambia, na anayempenda hausukumi.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, yeye alimpeleka fundi kwa dada yake. Dada huyo muuza mapazia ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, yeye akiwa na miaka tisa. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa, na mapenzi yote aliyokuwa nayo aliyamwaga kwa mdogo wake. Alimpokea mgeni kwa kelele, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akampa chai kabla hajapumua.

"Shemeji, mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Mahari kubwa sitaki, sherehe ya kukomoana sitaki. Nataka kitu kimoja. Mnijazie hii sebule watoto! Watano, sita, wanivunjie hata hivi vikombe. Wewe kwenu mko saba, najua mbegu yenu si haba."

"Dada!" yeye alisema, uso ukiwaka.

"Niache niseme, mimi ndiye mama mkwe na shemeji kwa mpigo."

Fundi alitabasamu, akakiweka kikombe mezani polepole sana, kana kwamba ndicho cha kwanza kati ya vile vitakavyovunjwa. "Tumekusikia, Dada," alisema.

Tangu Jumapili ile simu zikapungua. Zile zilizokuja zilikuja fupi.

"Nimekukosea?" alimuuliza siku moja.

"Wala. Kazi tu."

"Kazi ndiyo imeninunia? Maana wewe naona hunipigii, inanipigia kazi."

"Mpenzi wangu, nipe siku kidogo," alisema fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeegemea ukuta. "Kuna kitu nakikusanya."

Wiki hiyo hiyo wafadhili walijibu. Profesa, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alimwita ofisini akiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha kwa sababu maombi yao yalikuwa yamevuka hatua ya kwanza. Hasira kwa sababu mpango wa data ulikuwa umerudishwa.

"Wanasema kuondoa jina, simu na mtaa hakutoshi," alisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Wanataka tuwaonyeshe kwa mfano. Tuchukue mahojiano matatu ya utafiti wa mwanzo, tuyasafishe, tueleze kila tulichokificha na kwa nini. Wakiridhika, kliniki tuliyoiombea fedha inajengwa. Wasiporidhika, kwaheri. Una wiki tatu."

Utafiti wa mwanzo ulikuwa wa wanaume wasioweza kupata watoto. Profesa aliufanya akiwa katika chuo cha mji mwingine, akahama nao: wanaume arobaini na mmoja, sauti zao na maandishi ya mazungumzo yao. Yeye aliyatunza kwa mwaka na nusu bila kusoma hata ukurasa. Alijua idadi ya faili, alijua neno la siri na nakala ya akiba ilipo, kama bawabu anayejua funguo zote za nyumba na hajawahi kuketi sebuleni.

Akachagua kwa kura. Namba nane, namba ishirini na saba, namba thelathini na tano.

Namba nane ilikuwa rahisi. Ya pili aliifungua baada ya chakula cha mchana, kalamu sikioni.

*Unafanya kazi gani?*

*Natengeneza lifti. Mji mzima huu tupo wanne tu.*

Akatabasamu. Akawaza jioni atamtania: nimempata mwenzako kazini. Mstari wa sita mtu yule akasema yeye ni mtoto wa kiume pekee, ana dada sita. Mstari wa tisa akasema mama alifariki mwaka aliomaliza ufundi, na kwamba afadhali hakuyaona haya.

Kalamu ilianguka kutoka sikioni. Hakuiokota.

Katika mpango wake mwenyewe, ukurasa wa pili, alikuwa ameandika kwa mkono wake: mtumishi akimtambua mshiriki, afunge faili papo hapo na atoe taarifa. Aliukumbuka mstari huo neno kwa neno. Aliuona mbele ya macho kama kibao cha barabarani. Na bado kidole chake kilishuka, kikashuka tena, mpaka ukurasa wa kumi na moja, wa mwisho.

Namba ishirini na saba alisimulia kwamba alikuwa na mchumba. Alipopimwa na kuambiwa hatazaa, alimwambia yule mchumba peke yake, kwa kuwa alimpenda. Mchumba akamwambia shangazi yake. Shangazi akaujaza mtaa. Kazini wenzake wakambandika jina, Lifti Isiyopanda, wakawa wanaliita mbele ya wateja. Uchumba ukavunjika kwa barua iliyoletwa na mtoto wa jirani. *Sasa siwezi kumwambia mtu tena,* alisema. *Nikipenda, nitaondoka kabla sijaulizwa. Ninyi nimewaambia kwa sababu mmeniahidi hakuna atakayejua ni mimi.*

Akazima kompyuta, akaenda msalani, akafungua bomba na kulia humo ndani kwa sauti ya maji.

Hakumwambia Profesa. Alijidanganya kwamba anamlinda fundi. Akarudi kusafisha: lifti akaifanya "kazi ya ufundi", dada sita wakawa "ndugu kadhaa", barua ikafutwa, shangazi akafutwa. Kila alichokitoa kwenye maandishi kilihamia kifuani mwake na kukaa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema. Ila kata huzamishwa na mwenye mtungi, haijizamishi yenyewe.

Na kwa kuwa alimpenda, akaanza kumfungulia njia.

"Unajua," alimwambia kwenye simu, "mimi naona watoto si lazima. Watu wawili wakipendana, si ni familia tayari?"

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Nawaza tu."

Kesho yake: "Nimemwona mama mmoja kwenye basi na mapacha wanalia. Nikasema, ahsante, mimi hapana."

Kesho kutwa tena: "Dada yangu asikutishe. Dada anapenda maneno. Mimi nakutaka wewe, basi."

Upande wa pili alisikia pumzi ndefu, kisha kicheko cha chini alichokuwa amekikosa kwa wiki nyingi. "Bi Mpango," alisema fundi, "wewe umetumwa na Mungu? Sikiliza. Jumamosi, saa tisa, palepale bustanini. Nina neno. Na nikuombe kitu."

"Sema, kipenzi."

"Usinisaidie kulisema. Hata nikikwama. Niache nilitafute mwenyewe."

Jumamosi fundi alivaa koti. Hakuwahi kumwona na koti. Lilimbana mabegani, na katika mfuko wa shati chini yake kulikuwa na kitu kidogo cha mraba, kiasi cha kisanduku cha pete, kilichoonekana kila alipoinama. Yeye alikiona mara moja. Kumbe anataka kusema, kisha anataka kuuliza. Yote mawili, leo.

"Niliwahi kuwa na mchumba," fundi alianza.

"Ndiyo."

"Kabla hatujaoana nilikwenda hospitali. Nilipimwa. Daktari akaniita." Alichukua mrija, akaupinda, akaupinda tena. "Daktari akaniambia... Unajua binadamu anaumbwa..." Akacheka kicheko kibaya. "Ngoja. Nianze upya. Niliwahi kuwa na mchumba."

Mkono wake, na ile mistari myeusi ya kucha, uliurudia mrija ukaupinda mpaka ukapasuka. Yeye aliutazama mkono ule, na huruma ikamshinda nguvu. Akaudaka.

"Fundi wangu, inatosha. Usijitese. Najua unachotaka kusema, na nakupenda hivyohivyo ulivyo. Mimi si kama yule. Mimi sitamwambia shangazi."

Alitegemea kuona uso wake ukifunguka. Badala yake aliona ukijifunga taratibu, kama mlango mzito.

"Shangazi nani?" fundi aliuliza.

Meza ya jirani watu walikuwa wanaimbia mtu siku ya kuzaliwa. Makofi yakapigwa.

"Shangazi nimemtaja saa ngapi?"

"Mpenzi..."

"Nakuuliza kwa upole. Nimemtaja saa ngapi?"

Yeye akainamisha macho kwenye glasi, na hilo likawa jibu. Fundi aliutoa mkono wake chini ya mkono wa mwenzake. Alikaa akifikiri, macho yakienda huku na huku kama mtu anayefuata waya ukutani kutafuta palipokatika. Kisha akapaona.

"Yule mama mwenye miwani ya mnyororo," alisema. "Alikaa pembeni siku ile ya mahojiano, hakuongea. Ndiye Profesa wako?"

"Alihama na utafiti. Sikujua. Naapa sikujua kama umo. Nilipewa kazi ya kusafisha maandishi—"

"Nilikuwa namba ngapi?"

"Usiniulize hivyo."

"Namba ngapi?"

"Ishirini na saba."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama anayepokea chenji na kukuta ni sawa. "Na ulipojua ni mimi, ulifunga?"

Angeweza kudanganya. Alilifikiria hilo miezi mingi baadaye. Neno moja tu lilihitajika. "Nilisoma mpaka mwisho," alisema.

"Miaka mitatu," fundi alisema polepole. "Miaka mitatu nimejifunza kulisema hilo neno mbele ya kioo. Leo asubuhi nimelisema mara kumi, sikukwama. Nimekuja nalo mdomoni, umenipokonya. Nilikuwa nakusikia kwenye simu unasema watoto si lazima, nikasema Mungu amenijibu. Nimepiga magoti, mimi, chumbani kwangu, nikashukuru. Kumbe faili ndilo lililonijibu."

"Nilisema kweli! Kila neno lilikuwa kweli."

"Nitajuaje? Ulikuwa unanipenda au ulikuwa unanitibu? Nitajuaje sasa?"

Akasimama. Akakifunga kifungo cha koti, na ule mraba mdogo ukapotea chini yake. Hakupiga kelele wala hakugonga meza. Alilipia juisi zote mbili, akamshukuru mhudumu, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa.

Yeye alimpigia mara nyingi. Simu iliita na kuita. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Akaandika mfupi: *Nisamehe.* Ulisomwa. Jibu halikuja.

Jumatatu aliingia kwa Profesa na kufunga mlango. Alieleza yote amesimama.

"Ulifunga faili?" Profesa aliuliza.

"Hapana."

"Ulifika wapi?"

"Mwisho."

Profesa alivua miwani, ikaning'inia. "Ijumaa ndiyo siku ya mwisho," alisema. "Kuna wanaume wamenisubiri hiyo kliniki miaka minne. Wengine wake zao wameshaondoka. Unanielewa? Tukipeleka hili kwenye kamati ya maadili, watasimamisha kila kitu."

"Naelewa, Profesa."

"Tusipopeleka, hakuna atakayejua."

"Yeye anajua."

Profesa akayafumba macho. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Akavuta karatasi. "Andika taarifa," alisema. "Kila kitu, pamoja na zile kurasa kumi na moja. Nitaisaini. Sikulaani, mwanangu. Ila leo usinisalimie."

Kamati ikasimamisha kazi. Ijumaa ikapita kama siku nyingine, watu wakapanda na kushuka kwa lifti. Wafadhili waliandika barua ya heshima, wakawatakia kila la heri. Mkataba wake, uliotegemea ruzuku hiyo, haukuwa na kitu cha kuufufua.

Lakini kabla hajaondoka kulikuwa na kazi moja. Mshiriki namba ishirini na saba alikuwa ametumia haki yake, ile iliyoandikwa chini kabisa ya fomu ya ridhaa: aondolewe. Alitaka ashuhudie.

Alikuja asubuhi, na lile ovaroli. Alikuwa amekonda. Profesa alimwomba radhi kwa niaba ya taasisi, akasikilizwa, akatoka nje na kuwaacha na karani mmoja wa kamati aliyekaa mlangoni akitazama viatu vyake.

"Haya ndiyo maandishi," yeye alisema. "Na hii ni nakala ya akiba. Na hii ni sauti."

"Sauti ipo?"

"Ipo."

"Uliisikiliza?"

"Hapana. Hilo sikuthubutu."

Fundi alinyoosha mkono. Yeye akampa visikilizi. Alivivaa, akasikiliza labda dakika mbili, amesimama, macho yametulia ukutani. Kisha akavivua kwa uangalifu.

"Alikuwa anatetemeka sana huyu mtu," alisema. "Futa."

Akafuta. Sauti, maandishi, nakala. Karatasi aliyoisafisha kwa ajili ya wafadhili akaiingiza kwenye mashine ya kukatia, ikatoka nyuzi. Orodha kwenye skrini ikaonyesha ishirini na sita, kisha ishirini na nane. Fundi alisaini fomu kwa mkono wake mzito.

"Umenisamehe?" yeye aliuliza kwa sauti ya chini, ili karani asisikie, ingawa karani alisikia.

"Nilikusamehe zamani. Kesho yake tu, Jumapili." Alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na hasira hata chembe, afadhali yangekuwa nayo. "Tatizo si msamaha. Nikikaa mbele yako najiona nimefunguliwa ukurasa. Nitakula, nitacheka, nitakushika mkono, huku nikijiuliza uko mstari wa ngapi. Siwezi kuishi hivyo. Nimejaribu kufikiria. Siwezi."

"Ningekungoja. Hata miaka."

"Najua ungengoja." Akachukua kofia yake. "Nimeomba uhamisho. Naondoka mwisho wa mwezi."

Yeye akaenda kukaa dukani kwa dada yake, akishona pindo za mapazia. Dada aliuliza siku ya kwanza, na ya pili, na kila siku.

"Shemeji yuko wapi? Mbona haonekani?"

"Amehama."

"Amehama bila wewe? Ana mwanamke?"

"Hana."

"Basi ana mke huko alikotoka. Nilijua! Mwanamume mzima, fundi, msafi vile, hana hata mtoto wa kusingiziwa? Tapeli yule."

"Dada, mimi ndiye niliyemkosea."

"Ulimkosea nini?"

Hapo ndipo alipogota. Neno lolote ambalo angelisema lingevuta jingine, na la mwisho lingekuwa lile. Dada yake angeapa kunyamaza, angenyamaza hata wiki mbili, kisha angemwambia mteja mmoja tu, mtu mzima, mwenye siri. Akauma uzi kwa meno.

"Nilimkosea tu."

"Mdogo wangu, nimekulea, usinifanye mjinga! Mtu haachwi kwa 'tu'."

Siku ile ile dada aliichukua simu ya mdogo wake aliyekwenda kuchota maji ya pasi, akatafuta namba ya fundi.

Simu ya fundi ilikuja siku ya pili, adhuhuri, kwa namba asiyoijua. Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya kitambaa cha rangi ya maziwa kilichotandazwa duka zima, na pini mdomoni. Alizitema kiganjani.

"Dada yako alinipigia," fundi alisema. Nyuma yake upepo ulivuma. Alikuwa juu ya jengo mahali fulani. "Ameniita mhuni. Tapeli. Amesema nimekula ujana wako na nina wake watatu."

"Mungu wangu. Nisamehe. Sikujua."

"Watatu!" Ikawa kama alitaka kucheka. Kisha akasema, "Kumbe hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Yeye aliibana simu sikioni hadi sikio likauma.

"Anakulaumu na wewe?"

"Ananilaumu. Anasema nimemfukuza bahati."

"Mwambie umenichoka. Atatulia."

"Siwezi kusema hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli."

Alisikia akivuta pumzi kwa pua, kama mtu aliyebeba kitu kizito na kuona bado safari. "Ahsante," fundi alisema. Sauti yake ilikatika katikati ya neno, akalimalizia. "Ahsante kwa hilo."

"Huko kazi ipo?"

"Ipo. Majengo mengi, lifti mbovu."

"Vizuri."

"Haya."

"Haya."

Hakuna aliyekata. Walikaa hivyo, yeye amekodolea macho kitambaa, akihesabu pumzi za mtu aliyekuwa mbali siku nzima ya safari, mpaka salio la huko likaisha na simu ikanyamaza yenyewe.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Nani huyo?"

"Wamekosea namba."

"Aliyekosea namba ndiye anakuliza hivyo?"

Machozi yalikuwa yameangukia kitambaa cha mteja, alama mbili za kijivu juu ya rangi ya maziwa, naye akaanza kuzifuta kwa ukingo wa gauni kabla hazijakauka, huku dada yake akisubiri, na chai ikipoa.